"Ameachiwa kwa pesa": kisa cha mwalo mmoja wa Buchosa

Kisa hiki kimetokea kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wa wavuvi wa Ziwa Victoria, upande wa Buchosa, mkoani Mwanza. Jina la mwalo sitalitaja, wala la kituo cha polisi kinachouhudumia, kwa sababu wahusika bado wanaishi na kuvua palepale na kesi moja haijaisha. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Niliingia katika jambo hili kupitia kijana aliyepigwa na mama aliyepiga simu, kisha nikazungumza na kila aliyekubali kuzungumza, askari wakiwamo. Nililoliona ni kwamba sura ya polisi machoni pa watu wa mwaloni ndiyo iliyoamua usiku ule nani aitwe na nani asiitwe, na kijana nusura auawe kwa sababu hiyo. Na kilichoichafua sura hiyo kuliko kitu kingine chochote kilikuwa tendo ambalo sheria inaliruhusu kabisa: dhamana.

Mwaloni wengi ni watu wa kuja. Kuna Wazinza wenyeji, lakini kuna Wakerewe, Wajita, Wasukuma, na wengine kutoka Kagera na Kigoma, wanaohama kambi kufuata samaki. Wakati wa giza, yaani zile wiki zisizo na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa hutoka na taa zake jioni na kurudi alfajiri. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawavuliki na kambi inapumzika. Wapo pia wa sangara, wenye nyavu za makila na migonzo, yaani kamba ndefu za ndoano. Juu yao wapo matajiri, yaani wenye mitumbwi, nyavu na injini. Injini ndiyo roho ya kazi. Ile ya nguvu farasi 15 ikiwa mpya ni mamilioni ya shilingi, na tajiri mdogo mwenye mtumbwi mmoja huinunua kwa mkopo au kwa kuuza ng'ombe wa baba yake. Watu wawili wanaweza kuifungua kwa dakika chache, wakaivusha kisiwa kingine kabla hakujapambazuka, ikafutwa namba na kuuzwa. Ndiyo maana jioni utawaona vijana wanazibeba injini mabegani kuzipeleka kambini, walale nazo.

Kituo cha polisi kiko ng'ambo ya maji. Askari ni wachache na hawana boti. Mtu akitaka wafike usiku inabidi mtumbwi utoke huku ukawachukue, au wao wakodi.

Tukio la kwanza lilikuwa wizi wa kawaida. Tajiri mmoja mdogo aliamka akakuta injini haipo. Kijana aliyepaswa kuilinda alikuwa amelala kwenye banda la sinema. Mzee huyu alivuka kwenda kituoni asubuhi ileile. Aliandikwa maelezo, akapewa namba ya taarifa, akaambiwa askari watakuja ila usafiri ni shida, hivyo asaidie mafuta. Alitoa. Waliofika walimkamata kijana mmoja mbeba dagaa aliyeonekana usiku ule karibu na mitumbwi, wakaondoka naye. Mwalo mzima ulishuhudia na ukaridhika.

Siku chache baadaye kijana huyo akashuka kwenye mtumbwi wa abiria, mfuko wake mkononi, akarudi kazini kubeba dagaa.

Hakuna mtu aliyempigia tajiri simu kumweleza kitu. Habari aliipata kwa mama mmoja wa kwenye chanja za kuanikia: "Mwizi wako amerudi." Kufikia jioni stori ilikuwa imekamilika: ndugu zake wamechanga, pesa imepita, ameachiwa. Mzee mwenyewe aliniambia kwa uchungu, "Mimi nilitoa mafuta, wao wametoa zaidi. Mkono mtupu haulambwi."

Nilipokuja kulifuatilia jalada, nilikuta mambo tofauti na yaliyosemwa. Kijana alikuwa ameachiwa kwa dhamana ya polisi, akiwa na mdhamini na tarehe ya kurudi kuripoti. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai haimruhusu askari kumweka mtuhumiwa mahabusu atakavyo; ndani ya saa 24 afikishwe mahakamani au, kosa likiwa lina dhamana na upelelezi haujakamilika, adhaminiwe. Wizi una dhamana. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna. Mwaloni tofauti hiyo haijulikani: mwizi ni mwizi, na aliyekamatwa akionekana anatembea basi ameinunua njia.

Siwezi kuapa kwamba hakuna shilingi iliyopita mkononi mwa mtu. Dhamana ni bure, tangazo hilo limebandikwa hadi kwenye kuta za vituo, na bado nimewasikia wazazi wengi wakieleza walichokitoa "cha soda" ili mtoto atoke. Kwa hiyo watu wa mwaloni hawakuwa wajinga kudhani walivyodhani. Lakini katika kisa hiki jalada lilikwama kwa sababu nyingine: tajiri hakuwa na risiti ya injini wala hakuwahi kuandika namba yake. Aliinunua kwa mtu, kwa mkono, mbele ya mashahidi wawili ambao mmoja alishahamia Ukerewe. Hata kama injini ingekutwa, askari angethibitishaje ni yake? Mpelelezi alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Hakumwambia. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba wananchi hawaelewi mambo ya ushahidi, ukiwaeleza wanaona unakwepa kazi. Jibu hilo liliniumiza, maana mzee yule anaweka kichwani hesabu za watu kumi na wawili wanaomdai na anaowadai. Angeelewa.

Sasa niseme kuhusu kumbukumbu, kwa kuwa mwalo haukuanza kutowaamini polisi siku ile. Mwaka 2018 ilikuja Operesheni Sangara, ya kupambana na uvuvi haramu Ziwa Victoria. Timu zilikuwa na maofisa uvuvi pamoja na askari. Nyavu haramu za kokoro na timba zinamaliza ziwa, na mvuvi mkweli atakuambia hivyo mwenyewe. Sina ubishi na lengo lake. Lakini namna ilivyotekelezwa ililalamikiwa hadi bungeni: faini nzito, nyavu kuteketezwa moto, watu kutojua wamekosa kifungu gani. Sheria inamtaka anayekamata kitu katika upekuzi aandike hati yake na mwenye mali apewe. Wengi mwaloni wanasema hawakupewa. Mpaka leo boti ngeni yenye watu wenye sare ikionekana, vijana wanakimbilia migombani hata wasio na kosa. Mtoto anayekua akiona hivyo anajifunza kwamba sare ikija, unakimbia. Baadaye tunamtaka mtoto huyohuyo akiwa na miaka ishirini apige simu polisi usiku wa manane.

Na upande wa pili nao una kumbukumbu zake. Askari mmoja mzee, ambaye amefanya kazi Kanda ya Ziwa kwa muda mrefu, alinikumbusha Oktoba 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, alipouawa kwa risasi usiku pale Kitangiri, ndani ya jiji. Akanikumbusha Septemba 2014, kituo cha Bukombe mkoani Geita kilipovamiwa, askari wakauawa na silaha zikaporwa. "Mwalimu," aliniambia (huniita hivyo kwa sababu ya semina zetu), "mnasema hatuji usiku. Wawili, mtumbwi wa kukodi, mwalo hauna taa, hujui anayekuita ni nani. Wewe ungekuja?" Nilimwelewa. Watu wa mwaloni hawajawahi kuisikia sababu hiyo. Wao wanaona tu kwamba hawaji, na wanajaza wenyewe kilichobaki.

Nafasi iliyoachwa wazi ilishajazwa zamani na sungusungu. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukuma na Unyamwezi, wizi wa ng'ombe ulipozidi na watu wakaona dola haiwasaidii. Serikali ikawakubali, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa kuwapa nafasi. Mwaloni wapo kwa sura yao: kila mtumbwi unachangia, vijana wanazunguka na filimbi na tochi, wanashirikiana na BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ziwa. Ninawaheshimu. Bila wao kambi ingekuwa imekwisha. Lakini sungusungu asiye na mtu wa kumkabidhi mtuhumiwa anabaki na mtuhumiwa mikononi, usiku, mbele ya watu wenye hasira. Na baada ya yule mbeba dagaa kurudi, kikao chao kilitoka na msimamo ambao haukuandikwa popote ila kila mtu aliujua: akikamatwa mwingine, hatumpeleki ng'ambo.

Giza lililofuata akakamatwa mwingine.

Ilikuwa baada ya saa saba usiku. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ulipigwa upande wa kambi za sangara, filimbi zikaitikia, na kijana mmoja mgeni akakutwa amejibanza kati ya mitumbwi iliyopandishwa juu. Hakuwa na injini wala spana. Alisema amekuja kumtafuta kaka yake anayevua dagaa. Walimuuliza jina la tajiri wa kaka yake, akababaika. Kipigo kikaanza.

Nimewauliza watu waliokuwepo ni nini kilipita vichwani mwao wakati ule, maana saa hiyo moja ndiyo yenye kisa chote. Namba za polisi zilikuwepo. Namba 112 ya dharura wengi wanaijua. Zaidi ya hapo, polisi kata, mkaguzi aliyepangiwa kata ile, alikuwa amepita miezi kadhaa nyuma, akafanya mkutano na kuandika namba yake kwa chaki kwenye ukuta wa ofisi ya BMU. Mwenyekiti wa mwalo alikuwa nayo kwenye simu. Hakupiga. Aliniambia wazi, na ninamshukuru kwa ukweli wake: "Ningepiga, kesho ningekuwa mwenyekiti wa nani?" Mfanyabiashara mmoja wa mabondo, vile vibofu vya sangara, alikuwa nayo pia. Yeye aliogopa kitu kingine: anayepiga simu ndiye anayeandikwa maelezo wa kwanza, ndiye anayeitwa kituoni, ndiye shahidi wa kwenda Sengerema mahakamani kesi ikiahirishwa na kuahirishwa, nauli yake mwenyewe, siku zake za kazi. Aliwahi kuona jirani yake aliyemwokota majeruhi barabarani akiulizwa maswali kama mtuhumiwa. "Nikaona nilale," alisema.

Aliyepiga ni mama ntilie. Ana banda la chai na vitumbua linalofunguliwa alfajiri, hivyo saa nane usiku alikuwa ameshaamka kukanda unga. Alikuwa amemuuzia kijana yule chai jioni na alimsikia akiulizia kambi ya kaka yake. Alijaribu kusema, akasukumwa. Ndipo akaenda nyuma ya banda akapiga ile namba ya ukutani.

Polisi kata hakuweza kufika. Hilo nalo liandikwe. Alikuwa ng'ambo, hakukuwa na mtumbwi. Alichofanya ni kubaki kwenye simu. Alimuuliza mama, "Mwenyekiti yuko hapo? Mpelekee simu, weka sauti ya juu." Mama akapita katikati ya watu na simu imeinuliwa. Afande akamsalimu mwenyekiti kwa jina, akawasalimu sungusungu kwa vyeo vyao, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu ila sheria inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kwamba akifa pale, walio karibu wote watahojiwa kwa mauaji na mauaji hayana dhamana. Na kwamba anatoka alfajiri, wamfungie ofisi ya BMU, wampe maji. Kisha akasema jambo ambalo kila niliyemuuliza amelikumbuka: "Na ile injini ya mzee, nikija nitawaeleza jalada liko wapi."

Mwenyekiti alipata mahali pa kusimama. Aliweza kuwaambia watu wake kwamba ni amri, si yeye. Kijana akaingizwa ofisini akiwa amevunjika mkono na kichwa kimepasuka, lakini hai. Asubuhi afande alifika kwa mtumbwi wa kukodi, mafuta kwa pesa yake. Kijana alipelekwa kituo cha afya, fomu ya polisi ya majeruhi, PF3, ikaandikwa. Kaka yake alipatikana kambi ya tatu kutoka pale. Tajiri wake alikuwa ameuza mtumbwi kwa mwingine wiki ile, ndiyo maana jina halikulingana.

Mkutano aliouahidi ulifanyika siku hiyohiyo chini ya mwembe. Nilikuwapo. Alieleza dhamana ni nini, mtu aliyedhaminiwa bado ana kesi, lini anaripoti. Alimwambia tajiri mbele ya wote kwamba bila risiti wala namba ya injini jalada lake ni dhaifu, na kwamba hilo alipaswa kuelezwa mapema. Watu walimuuliza maswali makali, hasa kuhusu mafuta. Kijana mmoja alisimama akauliza kwa nini maskini alipe ili aibiwe vizuri. Afande alikiri kwamba kituo hakina bajeti ya kutosha ya usafiri, na akasema mtu asitoe pesa bila kuandikiwa. Sikuridhika na jibu hilo na nilimwambia. Mlalamikaji hapaswi kutoa mafuta kabisa, aandikiwe au asiandikiwe, kwa sababu siku anapotoa ndipo anapoanza kuamini kwamba mtuhumiwa naye anaweza kutoa.

Baada ya pale matajiri wengi walianza kuandika namba za injini zao kwenye daftari la BMU. Mabadiliko ni madogo lakini yana maana kubwa kwa mpelelezi. Wawili kati ya waliompiga kijana walikamatwa, na hapo mwalo ukagawanyika tena: wapo waliosema afande ametugeuka. Injini ya mzee haijapatikana.

Aliyelipa gharama kubwa zaidi ni mama ntilie. Banda lake lilisusiwa. Vijana walipita na kununua vitumbua kwa jirani, wakamwita mtoa siri, mke wa polisi. Alikaa karibu giza zima akirudi nyumbani na unga aliokanda. Kijana aliyeokolewa na kaka yake walikuja kumshukuru, wakapiga magoti, lakini shukrani hailipi kodi ya banda. Nilipomuuliza kama angepiga tena alifikiri kwa muda mrefu. "Yule mtoto angekufa, mwanangu," alisema. Hakujibu zaidi ya hapo.

Ninaposikia viongozi wakizungumzia kuboresha taswira ya polisi kwa bonanza za mpira na fulana zenye kauli mbiu, namkumbuka huyu mama. Dhana ya polisi jamii iliingizwa nchini chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, aliyeteuliwa 2006, na nia yake ilikuwa njema. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizunguka kusikiliza watu kuhusu ukamataji, upelelezi na mahabusu, na ikampa Rais mapendekezo mengi. Mwaloni kinachohitajika ni kidogo kuliko hayo yote na kigumu zaidi kukidumisha: mlalamikaji apigiwe simu kabla mtuhumiwa hajashuka kwenye mtumbwi, anayetoa taarifa asitajwe, maelezo ya shahidi wa mwaloni yachukuliwe mwaloni, asivushwe. Mambo haya hayahitaji boti.

Polisi kata yule amehamishwa. Namba ya chaki bado iko ukutani, ukipiga anapokea yeye akiwa wilaya nyingine, anakuelekeza kwa aliyemrithi ambaye watu hawajamwona. Kwa kuwa imani ile waliiweka kwa mtu, imeondoka naye. Pamoja na BMU na mtendaji wa kata tumeandika barua kituoni kuomba mambo mawili: laini moja ya simu iwe ya kata, ikabidhiwe kila anapokuja mkaguzi mpya, na mkaguzi huyo aje ajitambulishe kabla ya giza lijalo. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Bado tunasubiri majibu.